Maswali na majibu: Kukandwa bila kwenda spa

*Mimi ni fundi cherehani. Kila jioni shingo na mabega vinaniwaka moto. Spa wanataka elfu hamsini kwa saa. Nifanyeje? (Fundi, Morogoro)*

Hela yako kaa nayo, fundi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2011 uliwafuatilia watu 401 wenye maumivu sugu ya mgongo. Waliokandwa kila juma kwa majuma 10 walipata nafuu kuliko waliopewa matibabu ya kawaida, ila mwaka ulipotimia tofauti ilikuwa karibu imekwisha. Nafuu ipo, lakini haikai. Kwa hiyo naona kukandwa kidogo kidogo nyumbani, tena mara kwa mara, kunakufaa kuliko saa moja ya kifahari kila Krismasi.

Kaa kwenye stuli, mwenzako asimame nyuma yako na mafuta ya nazi yaliyopashwa kidogo. Aanze kwa viganja, taratibu, kutoka shingoni kushuka mabegani. Misuli ikishalegea ndipo atumie vidole gumba pale palipokaza, pembeni mwa uti wa mgongo, si juu ya mfupa. Mbele ya shingo asiguse kabisa, pana mishipa mikubwa ya damu. Dakika 10 zinatosha. Kama uko peke yako, bana mpira wa tenisi kati ya bega na ukuta, uegemee na kuuviringisha polepole.

Halafu kiangalie kiti chako. Ukishinda umeinama, hakuna mkono utakaokutibu. Na vidole vikianza kufa ganzi, nenda hospitali.

*Nikikandwa kichwa kinatulia na usingizi unakuja. Mume wangu asema ni mawazo yangu tu. (Mama Salma, Mombasa)*

Si mawazo yako, mama. Ngozini mna nyuzi za fahamu zinazoitikia hasa mguso mwepesi wa polepole, kama sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde. Na mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani Tiffany Field na wenzake waliripoti kwamba watoto njiti waliopapaswa na kunyooshwa viungo dakika 15, mara tatu kwa siku, kwa siku 10, waliongezeka uzito kwa asilimia 47 zaidi ya wenzao. Njiti hajui kujidanganya. Mkande huyo bwana siku moja, kisha umuulize tena.

*Kocha wetu anasema kuchuliwa baada ya mechi kunatoa asidi na sumu mwilini. (Winga, Kisumu)*

Hapana. Asidi hiyo, ile ya laktiki inayotokea misuli ikifanya kazi kwa nguvu, huondoka yenyewe muda mfupi baada ya mechi, na sumu ni kazi ya ini na figo. Watafiti wa Kanada walipima misuli ya vijana 11 mwaka 2012: mguu uliochuliwa ulikuwa na dalili chache za uvimbe kuliko ule mwingine, asidi ikawa ile ile. Chuliwa, ila kwa sababu hiyo.

*Mimba ina miezi minane, mtoto amekaa vibaya. Bibi anataka kumgeuza kwa kunikanda tumbo. (Tanga)*

Mwambie bibi kwa heshima akukande mgongo na miguu, kwa mkono mwepesi. Tumbo hapana. Kondo la nyuma linaweza kubanduka, ukapoteza damu nyingi. Kugeuza mtoto ni kazi ya daktari, hospitalini, chumba cha upasuaji kikiwa karibu. Wahi kliniki wiki hii.

*Mdogo wangu haoni. Anaweza kuifanya kazi hii? (Dodoma)*

Tena vizuri sana. Japani wasioona wameifanya kwa karne nyingi, na Korea Kusini sheria imewatengea wao leseni ya ukandaji. Atafute mafunzo yanayofundisha misuli na mifupa, si mafuta na mishumaa tu. Asisubiri kupanga chumba: kiti kimoja, mteja na nguo zake, dakika 15, bei ambayo mama lishe na bodaboda wanaimudu. Ajifunze pia kukataa mteja. Mtu mwenye kigimbi kimoja kilichovimba ghafla, kina joto na kinauma, huenda ana damu iliyoganda, nayo inaweza kusafiri hadi mapafuni. Huyo hakandwi, anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo.