Kahawa ya Mbinga kwa chombo cha tanga

Ndugu yangu, umeuliza kama wewe na mwenzako mlioko Dodoma mnaweza kuanza biashara ndogo ya kupeleka kahawa ya Mbinga Ufaransa kwa meli ya matanga, ili isafiri bila moshi. Wazo hilo nalipenda kwa dhati, na wapo waliokwisha kulitekeleza: kampuni ya Grain de Sail ya Ufaransa huvusha mvinyo hadi New York, kisha hurudi na kahawa na kakao ya Amerika ya Kilatini. Hata hivyo, meli hizo hufuata pepo za Atlantiki, ilhali kwetu kusi husukuma vyombo kuelekea kaskazini na kaskazi huvirudisha, hivyo mzigo wenu utalazimika kusubiri msimu. Na kahawa mbichi yenye unyevu unaozidi asilimia 12 huweza kuota ukungu ghalani.

Ningewashauri muanze na Unguja. Nunueni magunia machache ya kilo 60, mkaange hapo Dodoma, mfungashe vizuri, kisha mzigo uvuke kutoka Dar es Salaam kwa jahazi lililosajiliwa, tena lenye tanga kweli, maana mengi sasa yamefungwa injini. Leseni ya Bodi ya Kahawa Tanzania itangulie ununuzi wowote.