Maswali na majibu: Fahamu inapimwaje?

Safari hii tumekusanya maswali yanayohusu utafiti wa fahamu, yaani ile hali ya kuwa macho na kuhisi jambo fulani. Baadhi yametoka kwa wanafunzi, moja limetoka kwa mtu anayeuguza. Tumeyafupisha.

Fahamu iko sehemu gani ya ubongo?

Haina chumba chake. Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, na takriban bilioni 69 kati ya hizo ziko kwenye serebelamu, ile sehemu ya nyuma chini inayoratibu mwendo. Hata hivyo mtu aliyeharibika serebelamu huyumba na hupata shida ya kutamka, lakini anaendelea kuona, kusikia maumivu na kujijua. Kwa hiyo wingi wa seli si hoja. Muhimu ni jinsi zinavyounganishwa. Kinyume chake, jeraha dogo kwenye shina la ubongo laweza kumzimisha mtu kabisa, kwa sababu huko ndiko zinakotoka ishara za kuuweka ubongo macho. Yaliyomo katika fahamu, kama rangi, sauti na nyuso, yanategemea gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje. Ubishi uliopo ni kama sehemu ya nyuma ya gamba inatosha au ni lazima na ya mbele ihusike.

Kwenye tasnifu yangu naonyesha picha kwa milisekunde 20, kisha mshiriki anachagua kama ilikuwa uso au nyumba. Waliosema hawakuona chochote walipatia 7 kati ya 10. Msimamizi amekataa, anasema sijathibitisha kwamba hawakuiona. Nimekosea wapi?

Msimamizi ana haki, na kasoro si moja. Anza na skrini. Skrini ya kawaida hujichora upya mara 60 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 16.7. Milisekunde 20 haipo humo: utapata 16.7 au 33.3, na tofauti hiyo peke yake inatosha kuifanya picha isiyoonekana ionekane. Panga muda kwa idadi ya fremu, yaani idadi ya michoro hiyo ya skrini. Kisha weka mraba mweupe kwenye kona ya skrini, uwake na kuzima pamoja na picha, ubandike juu yake kihisi cha mwanga, na uendeshe raundi mia kadhaa kabla hujamwita mshiriki wa kwanza. Fremu zinazorukwa utaziona hapo. Hakikisha pia kuna picha ya kufunika inayofuata papo hapo. Bila hiyo hata fremu moja huonekana vizuri, kwa kuwa athari ya picha machoni na ubongoni hudumu kuliko picha yenyewe.

Pili, raundi 10 hazitoshi kitu. Mtu anayebahatisha tu hupatia 7 au zaidi karibu mara 17 katika kila 100. Kwa raundi 100, kupatia 70 au zaidi kwa bahati hutokea chini ya mara moja katika 10,000.

Tatu, na hapa ndipo tasnifu nyingi zinapozama, swali la "umeona au hukuona" linapima vitu viwili kwa pamoja: alichoona mtu, na ujasiri wake wa kukisema. Changanya ndani raundi tupu zisizo na picha, halafu kokotoa d′, kipimo kinacholinganisha "ndiyo" za kweli na "ndiyo" za uongo. Mshiriki anayesema ndiyo kwenye asilimia 60 ya raundi zenye picha na asilimia 40 ya raundi tupu ana d′ ya 0.5 hivi. Mwenzake anayesema ndiyo kwenye asilimia 6 na asilimia 2 naye ana d′ ya 0.5 hivi. Wote wawili wanaona kidogo, na kwa kiwango kile kile. Ila huyu wa pili ni mwoga wa kusema, nawe umemwandika kuwa hajaona kitu. Badala ya ndiyo na hapana, tumia ngazi nne zilizopendekezwa na watafiti Ramsøy na Overgaard mwaka 2004: sikuona chochote, niliona kama kitu kimepita, niliona karibu vizuri, niliona vizuri. Zifafanue kwa mifano na mzoeshe mshiriki kwanza, la sivyo ngazi ya pili kila mtu ataielewa kivyake.

La mwisho halionekani kwa urahisi. Umewachuja watu baada ya kupima, ukabaki na wale walioonekana hawana fahamu ya picha. Katika kundi hilo wapo walioangukia humo kwa makosa ya kipimo tu. Wapime tena na alama zao zitapanda, bila muujiza wowote. Mwanasaikolojia David Shanks aliionyesha hatari hii kwa hesabu mwaka 2017. Andika kanuni za kuwaondoa washiriki kabla ya kuanza, pima fahamu na uchaguzi katika raundi zile zile, na uchambue watu wote. Inawezekana matokeo yako yakatoweka. Yakitoweka, hayo nayo ni matokeo, yaandike.

"Tatizo gumu la fahamu" ni lipi hasa? Kila nikisoma naona ni maneno tu.

Ni hoja ya mwanafalsafa David Chalmers, aliyoitoa mwaka 1994 kwenye mkutano wa Tucson, Arizona, na kuichapisha mwaka uliofuata. Tuseme tumeeleza kila kitu ambacho ubongo unafanya: unavyopambanua rangi, unavyokumbuka, unavyoelekeza mkono. Haya aliyaita matatizo mepesi, kwa maana kwamba tunajua jibu lake litakuwa la aina gani, hata likichukua karne. Swali linalobaki ni kwa nini kazi hiyo yote inaambatana na kuhisi. Kwa nini haifanyiki gizani, bila mtu ndani?

Wapo wanaosema swali hilo litayeyuka lenyewe matatizo mepesi yakiisha, na wapo wanaosema halitaisha kamwe. Ushauri wetu kwa anayeanza ni kutoligeuza kisingizio. Mtu anaweza kupima lini fahamu ipo na lini haipo pasipo kujua kwa nini ipo, na wagonjwa wanahitaji kipimo hicho leo.

Kaka yangu aliumia kichwani miezi miwili iliyopita. Anafumbua macho lakini haitikii. Tumeambiwa hana fahamu. Je, hilo ni la hakika?

Pole sana kwa kuuguza. Jibu la kweli ni kwamba inategemea alivyopimwa. Kuangalia tu kando ya kitanda hukosea mno: utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uligundua kuwa kama wagonjwa 4 kati ya 10 waliodhaniwa hawana fahamu walikuwa nazo kidogo walipopimwa kwa utaratibu.

Utaratibu huo ni kipimo cha CRS-R cha mwaka 2004, chenye sehemu sita na jumla ya alama 23. Ulizeni kama kimetumika, na mara ngapi. Mara moja haitoshi, kwa sababu fahamu ya wagonjwa hawa hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Inapendekezwa apimwe angalau mara tano ndani ya wiki mbili, kwa saa tofauti.

Mpimaji mzuri humtazama mgonjwa kwa dakika nzima kabla ya kumgusa, apate kujua ni miondoko gani inatokea yenyewe. Halafu hutoa agizo moja, kwa mfano "inua kidole", na kumpa sekunde 10. Hurudia agizo lile lile mara nne, maana kidole kinachoinuka mara moja huenda kingeinuka hata bila agizo. Kwa macho hutumia kioo cha mkononi. Anakishika sentimita 10 hadi 15 mbele ya uso, anakisogeza polepole kulia, kushoto, juu na chini, kiasi cha nyuzi 45 kila upande, na kuangalia kama macho yanakifuata. Kioo hakichaguliwi ovyo: wapo wagonjwa wanaofuata sura yao wenyewe ambao hawafuati kalamu wala uso wa mtu mwingine.

Ulizeni pia kama kuna dawa za kutuliza zinazoendelea, maambukizi, masikio yaliyoumia, au kama anaagizwa kwa lugha asiyoizoea. Kila moja kati ya hayo humfanya mtu mwenye fahamu aonekane hana.

Kuna hatua zaidi, pale vifaa vilipo. Mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake walimwomba mwanamke mmoja asiyeitikia, akiwa ndani ya mashine ya MRI inayopiga picha za ubongo, awaze anacheza tenisi kwa sekunde 30, kisha apumzike. Sehemu za ubongo zinazopanga mwendo zikawaka kama za mtu mzima wa afya. Utafiti mkubwa wa mwaka 2024 uliwapima kwa MRI au EEG (vihisi vya kichwani vinavyopima umeme wa ubongo) watu 241 wasioonyesha kutii maagizo kitandani, na 60 kati yao walifuata maagizo kwa mawazo. Lakini msome na upande wa pili: kati ya watu 112 walioweza kutii maagizo waziwazi kitandani, 43 tu ndio walioonekana kwenye mashine hizo. Kwa hiyo mashine ikionyesha itikio, hiyo ni habari nzito. Isipoonyesha, haijathibitisha kwamba hayupo. Kipimo kingine hupiga gamba la ubongo kwa sumaku na kupima utata wa mwangwi wake kwa EEG. Chenyewe hakimdai mgonjwa aelewe agizo lolote, na alama zaidi ya 0.31 huashiria fahamu.

Ninyi nyumbani mnaweza kuandika daftari: saa, mlichosema, alichofanya, na mara ngapi hakufanya. Hiyo ya mwisho msiiache. Daktari atalifanyia kazi daftari la namna hiyo.

Nadharia ipi imeshinda mpaka sasa?

Hakuna. Mbili zinazotajwa sana zilipambanishwa na watafiti wa pande zote, waliokubaliana mapema nini kingehesabiwa kuwa pigo kwa nani. Ya kwanza, iliyoanzishwa na Bernard Baars na kuendelezwa na Stanislas Dehaene, inasema jambo huingia kwenye fahamu linapotangazwa ubongo mzima, na gamba la mbele likiwa kiungo muhimu. Ya pili, ya Giulio Tononi, inasema fahamu ni kiwango cha taarifa iliyounganishwa, nayo hutazamia makao yake yawe nyuma.

Washiriki 256 walionyeshwa picha kwa nusu sekunde, sekunde moja au moja na nusu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025. Nadharia ya kwanza ilitazamia mlipuko wa shughuli mbele picha inapoondoka. Kwa sehemu kubwa haukuonekana. Ya pili ilitazamia maeneo ya nyuma yaende pamoja muda wote picha ipo, hayakudumu hivyo. Kabla ya hapo, mwaka 2023, watafiti 124 walitia saini barua wakiiita ile ya pili sayansi bandia. Kwa maoni yetu barua ile haikusaidia. Utabiri uliovunjika hadharani umetufundisha zaidi.

Nisome nini ili niingie kwenye fani hii?

Chagua idara moja ya kukushikilia, iwe saikolojia, neva, falsafa au kompyuta, kwa kuwa wachache wanaajiriwa kwa jina la "mtafiti wa fahamu". Kisha ongeza takwimu za kutosha kukokotoa d′ mwenyewe, lugha ya kompyuta ya Python, na angalau somo moja la falsafa ya akili. Wanaolikwepa hilo la mwisho hupima kitu kimoja wakaandika kingine.

Programu ya mazungumzo iliniambia ina hisia. Niiamini?

Usiichukue kauli hiyo kuwa ushahidi. Kwa binadamu, "nahisi" ina uzito kwa sababu tunajua imetoka kwenye mwili na ubongo kama wetu. Programu imefunzwa kwa maandishi ya watu wengi mno wanaosema "nahisi", kwa hiyo ingelitoa neno hilo ihisi au isihisi. Mwaka 2023 kundi la wanasayansi na wanafalsafa lilijaribu njia nyingine: walikusanya viashiria 14 kutoka nadharia mbalimbali, wakachunguza muundo wa ndani wa mifumo ya wakati huo. Hawakuona mfumo wenye dalili nzito, wala hawakuona kizuizi cha wazi cha kiufundi kinachozuia kutengeneza mfumo wenye viashiria hivyo. Udhaifu wa njia hiyo ni kwamba inazitegemea nadharia zile zile ambazo hazijashinda.