Mmeniuliza kama bado nasali

Shikamoo baba mdogo, shikamoo mama mkubwa, na ninyi wadogo zangu, hamjambo. Swali lenu la tangu Pasaka nililiona. Sikutaka kulijibu kwa sauti ya dakika moja nikiwa kwenye tramu, ndiyo maana nimekaa kimya. Mmeuliza mambo matatu kwa mkupuo: kama ni kweli makanisa ya Ujerumani yamegeuzwa baa, kama ni kweli sayansi ndiyo iliyoua imani ya wazungu, na mimi mwenyewe kama bado nasali, maana hamnioni tena kwenye picha za Jumapili.

Hilo la mwisho ni jepesi. Nasali. Ila kazi yangu ni kulea wazee kwa zamu, na mzee haachi kula wala kuhitaji kuogeshwa kwa sababu ni Jumapili. Nikiwa zamu ya asubuhi, ibada inaisha mimi bado nabadilisha mashuka. Picha sipigi kwa sababu hakuna cha kupiga: siku nikienda tunakuwa watu thelathini kwenye kanisa la kukaa mia tano, na nywele nyeusi ni zangu na za mwanangu.

Kuhusu baa, yapo makanisa yaliyobadilishwa matumizi, sikatai. Lakini mahali ninapoishi, Leipzig, kanisa linalozungumzwa halikugeuzwa baa. Lililipuliwa. Kanisa la chuo kikuu, la tangu karne ya 13, lilivuka Vita Kuu ya Pili likiwa zima, halafu tarehe 30 Mei 1968 serikali ya kikomunisti ya Ujerumani Mashariki (wakati huo nchi ilikuwa imegawanywa mbili) ikalitegea baruti mchana kweupe. Leo pamesimama jengo jipya la chuo, limejengwa kwa kufanana na kanisa kwa mbele.

Nimeanza na hilo kwa makusudi, maana ndiko jibu la swali la pili liliko. Huko nyumbani tumezoea kusema wazungu wamesoma sana, wakamwona Mungu hana kazi. Wengine wanaongeza kwamba wameshiba, na wanatoa Kumbukumbu la Torati 8: ukila na kushiba, usimsahau Bwana. Mimi nami nilikuja na maelezo hayo. Lakini hebu tazameni: Ujerumani ya Magharibi ni tajiri kuliko huku Mashariki, na fizikia wanayosoma ni ile ile. Mbona wao wana waumini wengi kuliko sisi? Kama darasa la baiolojia na friji iliyojaa ndivyo vinavyoua imani, Magharibi ingekuwa imekauka kwanza.

Kilichotokea huku ni kingine. Mwaka 1950 takriban asilimia 80 ya watu wa Mashariki walikuwa Waprotestanti. Kisha katikati ya miaka ya 1950 serikali ikaleta sherehe yake ya vijana wa miaka 14, iwe badala ya kipaimara. Ukichagua kipaimara, mlango wa chuo kikuu ungeweza kufungwa usoni mwako. Wazazi walifanya hesabu kama ambavyo mzazi yeyote wa Moshi angefanya. Hawakumkana Mungu kwa hoja. Waliacha tu kumtaja mezani. Mtoto wao ndiye ninayemlisha uji leo, na hana ugomvi wowote na Biblia. Bibi mmoja, mwalimu mstaafu, mtu mpole kabisa, aliniuliza kama Ijumaa Kuu ndiyo siku aliyozaliwa Yesu. Mtu anayebishana nawe juu ya Mungu bado mnaongea habari moja. Huyu hakuwa na pa kuanzia kubisha.

Ajabu ni kwamba kanisa hilo hilo lililonyanyaswa ndilo lililowabeba watu waliotaka uhuru. Maombi ya Jumatatu katika kanisa la Nikolai hapa Leipzig yalikua mpaka tarehe 9 Oktoba 1989, watu kama 70,000 wakaandamana mjini bila risasi hata moja kufyatuliwa. Mwezi uliofuata ukuta wa Berlin ukafunguka. Wengi waliojaa kanisani siku zile hawakuwa waumini, na uhuru ulipopatikana hawakurudi. Nimewauliza wazee. Wanajibu bila aibu: tulihitaji paa.

Sasa kodi ya kanisa, maana najua baba mdogo anaisubiri. Ndiyo, inakatwa kwenye mshahara. Ukijiandikisha makazi unaulizwa dini yako. Ukisema Mlutheri, serikali inakukata na kulipelekea kanisa. Huku Saxony, jimbo letu, ni asilimia 9, lakini si ya mshahara, ni ya kodi ya mapato yako: ukikatwa kodi euro 200, kanisa linapata 18. Ukitaka kutoka, unakwenda ofisi ya serikali, unasaini, umetoka. Mwaka 2023 Wakatoliki zaidi ya 400,000 walisaini hivyo, na Waprotestanti hawakuwa nyuma sana. Wapo Waafrika wenzetu wanaosaini pia, kisha wanasali alasiri kwenye kumbi za kukodi. Siwahukumu, euro 18 ni chakula cha siku kadhaa. Mimi nimebaki. Hata hivyo niseme ukweli: nautamani mnada wa nje ya kanisa, mkungu wa ndizi ukipandishwa bei na watu wanaocheka. Hapa hakuna anayejua nimetoa nini, na hakuna anayejua kama sikuja.

Kwenye kumbi za alasiri nilikwenda kwa muda, kwa njaa ya kuimba kwa sauti. Nyimbo zilinifaa. Niliacha siku mhubiri alipomwambia dada mmoja mwenye kisukari aache sindano za insulini, kwamba kuchoma ni kuonyesha shaka. Mimi ni mtu wa wodi, najua mwili usio na insulini unafanya nini ndani ya siku chache. Nilimfuata dada yule mlangoni, nikamfungulia 1 Timotheo 5:23, pale Paulo anapomwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayompata mara kwa mara. Paulo, aliyewaombea wagonjwa wakapona, anamshauri mwenzake kama nesi! Dada alichoma sindano yake jioni hiyo. (Mama mkubwa, usinune. Najua mwaka 2011 ulipanda gari la Noah mpaka Samunge kunywa kikombe cha dawa cha Babu wa Loliondo kwa shilingi 500. Ulirudi na ukaendelea na vidonge vyako vya presha, na hiyo ndiyo imani ninayoielewa.)

Na mageuzi ya viumbe je, maana mdogo wangu ameuliza kama nimekubali kuwa natokana na nyani. Mji huu ndiko kiliko kituo cha utafiti ambako mwanasayansi Svante Pääbo na wenzake walisoma vinasaba vya Neanderthal, binadamu wa kale waliokwisha kutoweka, mwaka 2010. Alipata Nobeli mwaka 2022. Wamegundua kuwa watu wa nje ya Afrika wana kama asilimia 1 hadi 2 ya vinasaba hivyo, sisi kidogo sana. Na nyayo za Laetoli, za viumbe wa kale wa jamii ya binadamu, zilizopatikana 1978 huko kwetu karibu na Ngorongoro, zina miaka kama milioni 3.6. Sina sababu ya kuyakataa haya. Someni wenyewe: katika Mwanzo 1 wanyama wanaumbwa kabla ya mtu, katika Mwanzo 2 mtu anaumbwa kwanza, kisha wanyama wanaletwa kwake awape majina. Waliotuwekea sura hizo jirani walikuwa wanaona. Hawakufuta moja. Nami nikisoma Zaburi ya 8, "mtu ni kitu gani hata umkumbuke", nyayo zile zinaufanya mstari huo kuwa mzito zaidi kuliko nilipokuwa shule ya Jumapili.

Kwa hiyo mchungaji anayetumia mahubiri mazima kumpiga Darwin na nadharia yake ya mageuzi, kwa maoni yangu, analinda mlango ambao mwizi hajapita.

Mwizi namwona kwangu. Mwanangu ana miaka kumi na mitatu. Darasani kwake wengi husoma maadili badala ya dini, na mwakani watafanya ile sherehe ya vijana, ambayo ilibaki hata baada ya ukomunisti kuanguka: gauni, suti, bahasha za pesa kutoka kwa mabibi. Yeye ameniuliza kwa nini aende kipaimara ambako wako wanne tu. Sikumtisha kwa moto. Nilimwambia wamisionari waliofika Machame mwaka 1893 walitoka mji huu anaosomea, na kwamba babu yake alifundishwa kusoma kwa sababu yao. Alisikiliza, kisha akauliza dinosaria walikuwa wapi wakati wa Nuhu. Tulikaa mpaka saa nne usiku.

Anaanza Septemba. Hajaahidi kumaliza. Ninachowaomba ni viwili: babu yake ampigie simu Jumamosi, aongee naye Kiswahili taratibu, na zile klipu za kusema wanasayansi ni mawakala wa shetani msimtumie tena. Mwalimu wake wa fizikia ndiye mzee wa kanisa letu.