Umeshalipia geto na wenzio, na sasa huhamii tena

Kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa hapa Tanga, wadogo zangu wananiletea swali moja: "Dada, tumepanga nyumba wanne, hela tumeshatoa, sasa mimi siendi tena. Nafanyaje?" Na mimi yalinikuta, kwenye nyumba moja ya Makorora, nikatoka na kodi yangu yote isipokuwa hela ya dalali. Nijibu hapa, anayetaka asome.

Niseme mapema: ukienda na akili ya "nirudishiwe hela yangu", utazunguka sana. Mwenye nyumba wa mtaani hakai na kodi yako kwenye bahasha akikungoja ubadili mawazo. Hela yako utaipata kwa mtu atakayekaa pale ulipokuwa ukae wewe. Mengine yote ni kumwandalia njia huyo mtu.

Sisi tulikuwa wasichana wanne. Nyumba nzima kodi 200,000 kwa mwezi, mwenye nyumba alitaka ya miezi sita kwa mkupuo, jumla 1,200,000, kila mmoja akatoa 300,000. Dalali naye alitaka kodi ya mwezi mmoja kama ilivyo desturi yao, tukachanga 50,000 kila mtu. Tukasaini. Chuo kikaja kubandika orodha ya vituo vya mafunzo kwa vitendo, jina langu liko Korogwe. Anayeijua barabara ile anajua hakuna kulala Makorora ukaamkia kazini Korogwe kila siku.

Jambo la kwanza ni kuutoa mkataba na kuusoma. Najua mikataba yetu ilivyo: ukurasa mmoja wa steshenari, umenakiliwa kutoka kwa mwingine hadi makosa ya herufi yanafanana. Usome hivyo hivyo. Tazama pale palipoandikwa "Mpangaji" pana jina la nani. Kama ni mmoja wenu tu, na nyie wengine mlimpa hela mkononi, mwenye nyumba hana habari na wewe. Maneno yako yote yako kwa huyo mwenzenu. Kama kila mtu ana mkataba wa chumba chake, shukuru, mambo ni yako na mwenye nyumba tu. Wengi lakini huandikwa wote kwenye karatasi moja, kama sisi, na hapo ndipo pagumu.

Ugumu wake ni huu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema watu walioahidi jambo kwa pamoja, yeyote kati yao anaweza kubanwa alitimize lote, labda kama mkataba wenyewe umesema vingine. Wewe unajua una robo yako. Mwenye nyumba anajua kodi ya nyumba, basi. Ukifanikiwa kumnyang'anya hiyo 300,000, anaweza kuwageukia waliobaki wamjazie, nao watakutafuta wewe hadi kwenu. Ndiyo maana vita ya kwanza haiko kwa mwenye nyumba, iko kwa wenzio.

Halafu kuna ule mstari unaowatisha watu: "Kodi ikishalipwa hairudishwi." Wa kwetu ulikuwemo pia. Una nguvu, mmeusaini wenyewe. Lakini sheria hiyo hiyo, kifungu cha 73, inampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara aliyoipata, na katika kuipima huangaliwa pia alikuwa na njia gani za kuipunguza. Chumba kikipata mtu mwingine kabla hata ya tarehe ya kuhamia, hasara inabaki ndogo sana. Hoja hiyo iweke kichwani, itakupa moyo. Kwenda kuitamka kibarazani kwa mama wa watu ni jambo jingine, mimi sikuitamka.

Na wewe uliyetoka kidato cha nne ukaingia chuo na miaka 17: kisheria uwezo wa kuingia mkataba unaanza ukifika 18. Saini yako peke yako ina walakini. Mwambie mzazi au mlezi ndiye aende kuzungumza. Ila usiufanye ujanja wa kuwakimbia wenzako, maana mtaonana darasani.

Tukiwa bado hapo, usichukue ufunguo. Wenzangu waliponiona nasitasita, mmoja aliniambia, "Wewe leta hata godoro ushike chumba, mengine tutaona." Nikakataa. Ukishapokea ufunguo, ukaweka godoro, ukanunua umeme wa LUKU, umeshahamia. Hapo huzungumzii tena kujitoa kabla ya kuingia, unazungumzia kuhama, na kuhama kuna notisi yake. Kama ufunguo unao tayari, urudishe mbele ya mtu na uandikishe tarehe.

Sasa wenzio. Waambie mapema, uso kwa uso, na wote siku moja. Sauti ya WhatsApp ya dakika nne ukieleza shida zako ni njia nzuri ya kuwafanya wakuseme usiku kucha. Mwenzetu wa Pangani alinuna, na alikuwa na haki, kwa sababu ndiye aliyezunguka na dalali juani. Wa Lushoto aliuliza swali la maana kuliko yote: "Utatuletea nani?" Nikawaahidi mawili: sitagusa hela kabla hajapatikana mtu, na huyo mtu watamkubali wao kwanza. Hasira zikapungua. Na kweli nililetewa binti mmoja aliyekuwa na hela yote taslimu, wakamkataa kwa sababu wanazozijua wao. Niliumia, lakini ahadi ni ahadi. Wao ndio watakaochangia naye choo.

Kwa mwenye nyumba nilikwenda na mama yangu mdogo anayekaa Ngamiani. Kwetu huku kijana haendi peke yake kutengua jambo lililofungwa na mtu mzima. Ataonekana kaja kugomba hata kama kaja kwa upole. Tulikwenda jioni baada ya alasiri, wakati bibi yuko kibarazani na hana haraka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Piteni, kaeni."

Zikaulizwa habari za nyumbani, za mguu wake unaomsumbua, za mjukuu aliyeko Muheza. Mama mdogo ndiye aliyefungua: mtoto kapangiwa Korogwe, si kwa kupenda kwake, tumekuja kukueleza wewe kabla hujasikia kwa watu. Bibi akatusikiliza hadi mwisho, kisha akanyoosha kidole juu ya paa la uani.

"Hela yenu ile pale, mwanangu."

Bati mpya, zingine bado zina stika ya dukani. Hapakuwa na cha kubishana. Nikamwambia, "Bibi, sikuja kudai urudishe. Nikikuletea msichana mwenzangu akae chumba changu, akanilipa yeye, utaridhia?"

Akafikiri kidogo. "Awe na adabu zake. Wageni wa kiume baada ya magharibi sitaki, na choo kisafishwe kwa zamu. Mlete nimwone."

Angalia alichokubali. Hakutoa senti, hakupoteza kodi, na alibaki na haki ya kuchagua nani alale kwenye nyumba yake. Ombi la namna hiyo mtu hulikubali. Usije ukaruka hatua hii ukamwingiza mtu kimyakimya, kwa sababu huko ni kupangisha nyumba isiyo yako, na mikataba mingi inakataza waziwazi. Huyo uliyemwingiza akitolewa nje, hela yake anakudai wewe.

Mtu wa kuchukua nafasi utampata wapi? Kundi la darasa, ubao wa matangazo, mama anayewauzia wanafunzi chakula. Mimi nilimpata kupitia dada wa steshenari tunapochapia kazi zetu, maana kila anayehangaika na chumba hupita pale kuuliza. Dalali wetu alijitolea kunitafutia kwa malipo mengine ya udalali. Nilimshukuru. Ile 50,000 ya mwanzo nayo ihesabu imekwenda. Kazi yake ilikuwa kuwakutanisha na mwenye nyumba, ameifanya. Nilimwomba yule binti aliyechukua nafasi yangu anirudishie japo nusu yake, akacheka, nikaacha.

Alikuwa na 200,000. Iliyobaki, kaka yake angetuma mwisho wa mwezi. Hapa ndipo watu huumizana. Nilikubali, lakini deni likaandikwa kwenye karatasi ile ile, na hela zote zikapita kwenye simu. Ujumbe wa muamala una jina, kiasi na tarehe, na siku mtu akisahau alikulipa kwa ajili ya nini, ujumbe haujasahau. Taslimu ya mkononi bila shahidi usiipokee wala usiitoe.

Karatasi yenyewe niliiandika kwa mkono, nakala mbili, hivi:

"Mimi fulani, mmoja wa wapangaji katika mkataba wa tarehe fulani, natoka katika mkataba huo kabla ya kuhamia. Nafasi yangu, pamoja na haki na wajibu wake, inachukuliwa na fulani kuanzia tarehe fulani. Mwenye nyumba na wapangaji wengine wamekubali. Kuanzia tarehe hiyo sitadaiwa kodi, bili wala uharibifu wa nyumba."

Tukasaini anayetoka, anayeingia, wale watatu, mwenye nyumba, na mjumbe kama shahidi. Bibi aliandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, taratibu, kalamu ikienda kulia kwenda kushoto, na ikapendeza kuliko saini zetu sote. Kisha jina langu kwenye mkataba wa mwanzo likapigwa mstari na tukatia saini pembeni yake. Usiliache hivi hivi kwa kuwa mmeelewana. Bili ya maji ikilimbikizwa huko mbele, atakayetafutwa ni aliyeandikwa. Ukipeleka karatasi ofisi ya serikali ya mtaa ipigwe muhuri na ukaambiwa utoe chochote, omba stakabadhi.

Mwenye nyumba akigoma kabisa, hata kwa mtu mzuri uliyemletea? Anza kwa mwenyekiti wa mtaa. Likishindikana, Baraza la Kata kazi yake siku hizi kwenye migogoro ya ardhi na nyumba ni kusuluhisha, haliamui. Usuluhishi ukishindikana, ndipo unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa 300,000 mimi singefika huko; nauli na siku za darasa zingeimaliza. Ila wasaidizi wa kisheria wapo, wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na hawatozi. Barua moja iliyoandikwa na mtu anayejua mara nyingi inatosha kumkalisha mtu mezani.

Haya yote ni kwa aliyebadilikiwa na mambo yake mwenyewe. Kama nyumba ndiyo iliyobadilika, mliahidiwa maji ya bomba ndani hakuna bomba, au aliyewasainisha si mwenye nyumba wala hakutumwa naye, habari ni nyingine. Hapo mmedanganywa, na mkataba uliopatikana kwa udanganyifu aliyedanganywa anaweza kuukataa. Piga picha, andika barua ya kuukataa kabla ya tarehe ya kuhamia, dai hela yote na ya dalali ndani yake. Chumba kimoja kikiwa kimelipiwa na watu watatu tofauti, nendeni polisi pamoja.

Na nyie ambao hamjasaini bado, ongezeni mstari mmoja: "Mpangaji mmoja akishindwa kuhamia au kuendelea, atapewa siku 14 kuleta mtu wa kuchukua nafasi yake atakayekubaliwa na mwenye nyumba na wapangaji wengine." Wenye nyumba wengi hawaukatai. Wa Makorora, wenzangu walipouweka kwenye mkataba uliofuata, alitaka jambo moja tu liongezwe: huyo mtu aletwe aonekane kabla hajaleta mizigo.