Bibi shamba anajibu: ndago, gugu karoti na chumvi uani

*Shikamoo bibi shamba. Nina matuta manne ya mchicha nyuma ya nyumba. Nikipalilia leo, wiki ijayo ndago zimerudi maradufu. Nakosea wapi? (Kimara, Dar es Salaam)*

Marahaba mwanangu. Kupalilia hukosei, ila jembe ndilo linalokuzidishia ndago. Jioni ya leo mwagia maji sehemu ndogo, chomeka jembe uma pembeni ya ndago moja, kisha nyanyua udongo taratibu bila kuvuta majani. Chini yake utakuta kiazi kidogo cheusi, ukubwa wa punje ya harage. Kutoka hapo kuna kamzizi kembamba kama uzi mpaka kiazi cha pili, cha tatu, cha nne. Mnyororo ule usipokatika, viazi vingi vimelala tu. Jembe likiukata, kila kimoja kinaamka na kutoa majani yake. Ulikuwa na ndago moja, sasa unazo nne.

Dawa yake ni kuvitoa viazi vyenyewe. Ukishavuna, tifua tuta zima kwa jembe uma; vingi viko kwenye sentimita 15 za juu. Vichambue kwa mkono kama unavyochambua mchele, uvianike juu ya bati siku kadhaa za jua kali mpaka vikauke hadi ndani. Usivitupe kwenye mboji, vitaota humo humo. Vitakavyobaki ardhini vitachipua, nawe ng'oa kila wiki mbili bila kuruka, kabla havijazaa vingine. Usitegemee matandazo peke yake, ncha ya ndago hutoboa hata nailoni. Inachokiogopa ni kivuli. Panda viazi vitamu au maboga msimu mmoja, majani yafunike udongo wote, ndipo urudishe mchicha. Na safari hiyo usimwage mbegu ovyo, panda kwa mistari ili mkono upate pa kupita. Ukinunua udongo wa kujazia, upekue kabla haujashushwa. Ndago nyingi huingia nyumbani kwa toroli.

*Kando ya uzio kumeota mmea wenye majani kama ya karoti na maua meupe madogo. Mtoto aliung'oa, mikono ikamwasha siku mbili. Ni nini? (Arusha)*

Kwa maelezo yako hilo ni gugu karoti, na nakuomba usilicheleweshe hata wiki. Asili yake ni bara la Amerika. Huwasha ngozi, chavua yake husumbua wenye pumu, na mbuzi au ng'ombe akilila maziwa huwa machungu. Mche mmoja waweza kudondosha mbegu zaidi ya 10,000.

Mtoto asiliguse tena. Wewe vaa glavu, shati la mikono mirefu, jifunge kitambaa puani, uling'oe na mizizi yake asubuhi baada ya mvua, udongo ukiwa laini. Kulifyeka ni kazi bure, linachipua tena kutoka kwenye shina. Yaliyokwisha kutoa maua yatie kwenye kiroba papo hapo, usiyaburute uani, maana utakuwa unapanda. Pale palipobaki wazi otesha nyasi upesi. Kisha zungumza na jirani wa upande wa pili wa uzio. Mkiling'oa siku moja ndipo mtapumzika.

*Nimeambiwa nimwage chumvi kwenye majani yanayoota katikati ya matofali ya uani. Ni sawa? (Tanga)*

Hapana. Mvua itaishusha chumvi hadi kwenye mwembe na michungwa yako, na udongo uliokolea chumvi huchukua muda mrefu kupona. Mwagia maji yanayochemka, rudia baada ya siku chache. Angalia miguu yako tu.

*Sukuma wiki yangu imezungukwa na magugu. Rafiki amenipimia dawa ya magugu kwenye chupa ya soda. Nipulizie lini? (Nakuru)*

Usipulizie kabisa, ndugu yangu, na chupa hiyo iondoe jikoni sasa hivi kabla hujamaliza kusoma. Dawa isiyo na lebo hujui ni ipi. Ikiwa ni parakwati, funda moja laweza kuua mtu mzima na haina dawa ya kuiondoa sumu hiyo mwilini. Watoto hunywa kilicho kwenye chupa ya soda kwa sababu wanaijua ni soda. Irudishe kwa aliyekupa ikiwa imefungwa vizuri. Usiimwage chooni wala mtaroni.

Na hata ingekuwa na lebo, dawa kama glifosati haichagui: tone likipeperushwa na upepo hadi kwenye sukuma, nayo inanyauka. Bustani ya matuta sita yatosha jembe dogo na nusu saa kila Jumamosi. Ukishapalilia, tandaza nyasi kavu zisizo na mbegu, unene wa kama vidole vinne, ukiacha nafasi kidogo kuzunguka shina.

*Je, kila kinachojiotea ni gugu? Mama mkwe ananikataza kung'oa mnavu na mgagani. (Morogoro)*

Msikilize mama. Mnavu, mgagani na mchicha pori ni mboga, na hata kishona nguo kikiwa kichanga kuna wanaokipika. Wape kona yao. Mambo mawili tu: kishona nguo kisifikie kutoa vile vijiti vyeusi vinavyonasa kwenye nguo, na mnavu usiwe jirani wa nyanya, kwa kuwa ni ukoo mmoja na huambukizana magonjwa. Uhamishie mnavu upande wa bafuni, kwenye unyevu, uchume huko.