Nyie mnaoanza kazi za mkataba Mbeya, sala ya asubuhi ipeni saa yake

Nawaandikia wadogo zangu mnaokuja huku kuanza kazi, hasa hizi kazi ambazo hazina uhakika, za mradi, za mkataba wa miezi mitatu mitatu, za kujitolea huku unasubiri ajira za serikali zitangazwe. Data klaki, wahudumu wa CTC (kliniki ya huduma na dawa za VVU), wauguzi, walimu wa kujitolea wa huko Rungwe na Busokelo mnaolipwa posho kutoka kwenye michango ya wazazi, wote nyie. Mkifika mnapokelewa vizuri tu, mnatafutiwa chumba Uyole au Iyunga, mnaambiwa nauli ya bajaji ili msipigwe, mnaambiwa mnunue blanketi zito kabla ya Juni. Ila kuna kitu hakuna anayekuelekeza, jinsi ya kuishi na kichwa kilichotulia wakati hujui kama mwezi ujao bado una kazi. Mimi kwenye hizi kazi nimekaa miaka sasa na kilichonishika ni sala ya kila siku, na nataka niiongelee kama jambo la kazi kabisa, maana mahubiri mmeshayasikia mengi.

Wanaokumbuka mwanzo wa 2025 wanajua nasemea nini. Tarehe 20 Januari Rais Trump akasaini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90, Ijumaa ile ya tarehe 24 maelekezo ya kusimamisha kazi yakaanza kushuka kwenye miradi, na wikiendi hiyo magrupu ya WhatsApp hayakulala. Mtu yuko Mbarali anauliza kama Jumatatu aende kazini au asiende, mwingine anauliza mshahara wa Januari, mwingine kashachukua mkopo. Nyanda za juu kusini hizi huduma za VVU ndo zimeajiri vijana wengi sana, na sababu inajulikana, utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionyesha maambukizi kwa watu wazima Njombe 12.7%, Iringa 11.1%, Mbeya 9.6%, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.4%. Kwahiyo pale hofu ilikuwa ya pande mbili, ya kwako wewe unayelipwa na mradi, na ya yule aliyekaa kwenye benchi anasubiri dawa. Jumatatu yake bibi mmoja kaniuliza, mwanangu, na sisi dawa zetu zitakuja? Mimi sikuwa na jibu, nikamwambia za leo zipo bibi, chukua. Baadaye ikatoka ruhusa kwa huduma za kuokoa maisha, dawa zikaendelea, lakini wenzetu kibao walirudi makwao na mabegi.

Sasa kilichonisaidia wiki zile. Sio kwamba nilisali sana kuliko siku zote, hapana, ni kwamba sala ilikuwa tayari ina saa yake. Hapo ndo nataka mnielewe vizuri. Ukiwa na hofu ya kazi, hofu haina ratiba, inakuja unapiga mswaki, inakuja uko kwenye foleni ya benki, inakuja saa nane usiku unaanza kupiga hesabu ya kodi gizani. Ukiipa sehemu yake, mfano saa kumi na moja na nusu asubuhi, unamwambia Mungu yote, kila kitu, bila kubakiza, basi mchana ikija unaiambia nimeshalisema hilo asubuhi na kesho nitalisema tena, saa hizi nina mafaili. Inachukua muda kuzoea, wiki za kwanza utasinzia na utaona unajidanganya. We kaa tu. Na muda wenyewe usiwe mrefu wa kujionyesha, robo saa inatosha kabisa kama ni kila siku, kuliko ule mkesha wa mara moja halafu wiki nzima kimya.

Tena kwa sababu ya baridi yetu, niseme hili hata kama halihusu sala: usiingize jiko la mkaa chumbani ukafunga dirisha ili usali umejipasha moto. Ile hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha na inaua watu. Jifunike blanketi, vaa soksi, kaa kitandani kama ni lazima, Mungu hatakasirika.

Cha kusema ni nini? Wengi mnaanza na "asante Baba kwa siku hii njema" huku moyoni unawaka moto. Kasome Zaburi ya 13, ni fupi, mistari sita tu, Daudi anaanza na kulalamika kabisa, Mungu utanisahau mpaka lini, utanificha uso wako mpaka lini, na hakuna mahali ameambiwa aache kulalamika kwanza ndo asikilizwe. Kwahiyo taja jambo kwa jina lake. Usiseme "nisaidie katika changamoto zangu", sema mkataba wangu unaisha tarehe 30, mama mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, bosi mpya hanisalimii na sijui nimemkosea nini. Mimi naandika kwenye kauntabuku, tarehe, halafu mstari mmoja wa jambo la siku hiyo. Baada ya miezi unarudi nyuma unasoma, na hapo ndo elimu ilipo, unakuta mambo uliyoyalilia Machi mengine hata huyakumbuki, mengine yalijibiwa kwa njia ya ajabu ukapita tu bila kusema asante, na mengine yapo vilevile mpaka leo, na hayo ndo ya kuendelea nayo. Hiyo kauntabuku usiiache ofisini, tafadhali.

Mimi ni Mmoraviani, huku Rungwe wamisionari wetu walifika 1891, kwahiyo nimelelewa kwenye utaratibu wa neno la siku, kifungu kimoja kifupi kwa kila tarehe. Ulianza Herrnhut kule Ujerumani mwaka 1728, watu walikuwa wanapelekewa neno nyumba kwa nyumba, na tangu 1731 likawa linachapwa kitabu kila mwaka bila kukatika, vita zote mbili za dunia zimepita lipo. Ninachokipenda ni kwamba hukichagui wewe. Ukijichagulia kila siku utasoma yale matamu tu ya kubarikiwa, na siku ukiwa na hasira na mtu utasoma yale ya maadui kuaibishwa. Ila angalieni na hapa msikosee, kile kifungu cha Agano la Kale kinachotwa kwa kura karibu miaka mitatu kabla, kwa ajili ya watu wote wa dunia nzima, hakijatolewa kuhusu mkataba wako. Siku kikisema "inuka uende" sio kwamba Mungu anakuambia uache kazi ukalime parachichi Njombe. Kuna kijana nilimuona anafanya hivyo, anafungua Biblia bila kuangalia, anaweka kidole, analopata ndo uamuzi. Hiyo ni kubeti tu, tofauti hamna mkeka.

Wakatoliki mnayo Malaika wa Bwana asubuhi, saa sita na jioni, na kama umepanga karibu na parokia kengele itakukumbusha, tumieni. Waislamu ndo kabisa hamna haja ya kuambiwa na mimi habari ya saa, Alfajiri mpaka Isha iko wazi. Tena habari ya kuomba mwongozo mimi nimejifunza kwa mwenzetu mmoja wa famasi ambaye ni Muislamu, alipata nafasi mbili kwa wakati mmoja, moja Sumbawanga moja hapahapa. Nikamuona hana papara. Akanieleza istikhara, rakaa mbili za sunna, halafu dua ambayo unalitaja jambo lenyewe, kwamba kama lina heri kwenye dini yangu, maisha yangu na mwisho wangu basi nirahisishie, na kama lina shari liepushe na mimi, na mimi niepushe nalo, na uniridhishe. Nikamuuliza kwahiyo unasubiri ndoto? Akacheka, akasema dada watu wengi wanadhani hivyo, kumbe sio lazima ndoto, unasali, unaulizia kwa wanaojua, unachukua hatua, likifunguka unaenda likifunga unaacha bila kinyongo. Alienda Sumbawanga.

Hilo la kufunga ndo wengi hatulitaki. Tunaomba mwongozo tukimaanisha mlango ufunguke. Lakini soma Matendo sura ya 16, Paulo na wenzake wanataka kuhubiri Asia wanazuiwa, wanajaribu kwenda Bithinia wanazuiwa tena, na Luka hasemi walizuiwa vipi, wamefika Troa pwani kabisa hawana pa kwenda, ndo Paulo anaona maono ya mtu wa Makedonia. Na wenyewe hawakukaa chini kusubiri maono, walikuwa njiani muda wote. Mi nikisoma pale nawaza vijana wetu wanaoomba usaili wa kwanza hapana, wa pili hapana, na kila hapana wanaitafsiri kama laana ya ukoo. Sio laana. Inawezekana ni Bithinia tu.

Ukishaingiwa na hilo wazo la laana ujue kuna watu wanalisubiri. Atakuja mtu, mara nyingi mpole kabisa, atakwambia kuna nabii mahali anafungua milango ya ajira, unaenda na sadaka maalum, unapewa mafuta au maji, na kiwango cha sadaka kinategemea ukubwa wa kifungo chako. Mtu huna mshahara unakopa ili ukatoe. Msimamo wangu kwenye hili ni mkali na sitaki kuulegeza: anayekupangia bei ya jibu la Mungu kimbia. Wachungaji wazuri wapo wengi tu, watakuombea bure na watakuuliza kama umekula.

Na sala haiondoi makaratasi. Siku ile ile uliyosali, fanya kitu kimoja cha kushikika kuhusu lile jambo uliloliandika. Kahuishe wasifu wako kwenye mfumo wa ajira wa utumishi, kacheki kama mwajiri anakuwekea michango NSSF kweli au anakukata tu, kaulizie fao la upotevu wa ajira na masharti yake kabla hujalihitaji, kathibitishe vyeti kwa mwanasheria. Mara nyingi mwongozo nimeuonea hapo, napiga simu kuulizia kitu kimoja najikuta nimeambiwa kingine.

Sasa hili la mwisho ni zito na ni kwa nyie wa sekta ya afya hasa. Kwenye jumuiya kuna muda wa kutoa mahitaji ya maombi, kila mtu anasema, niombeeni mguu, niombeeni mtoto ana mtihani. Wewe unafanya CTC, umeona asubuhi mtu wa usharika wako kaja kuanza dawa, umeumia kweli, unatamani aombewe. Usimtaje. Usimtaje hata kwa mafumbo, usiseme "kuna dada mmoja wa Mafiati namuombea afya yake", watu wa mtaani wanajua hesabu, wanajua unafanya kazi dirisha gani, dakika kumi tu tayari wana jina. Nimeona mtu akihama kanisa, akahama na kituo cha dawa, akawa anapanda basi mpaka wilaya nyingine kila akiitwa kliniki, kisa ombi la nia njema kabisa. Hao uwaombee kwenye robo saa yako, peke yako, kwa majina yao, mdomo umefungwa. Na hata kwenye kauntabuku usiwaandike. Mgonjwa mwenyewe akikuomba umuombee, muombee palepale kwa sauti ndogo kama faragha ipo, asipoomba usimlazimishe, sio kila aliyekuja kuchukua dawa kaja kanisani, na mwingine anasali kwa namna yake.

Kuhusu siku ambazo haziendi. Zipo, tena nyingi, unapiga magoti unakuta akili iko kwenye mchele umebaki kiasi gani. Sali Baba Yetu mara moja kwa utaratibu, nyanyuka, nenda kazini. Ukikosa siku mbili tatu usianze kujiadhibu kwa kufunga ili ufidie, anza tu kesho saa ileile. Ila ukiona wiki zinapita hulali, huli, unawaza vibaya kuhusu uhai wako, hapo usiishie kwenye maombi peke yake, nenda hospitali kaonane na daktari wa afya ya akili, na muombe mtu akusindikize. Kuomba na kutibiwa havijawahi kugombana, sisi wa hospitali tunajua.

Na usisali peke yako mwaka mzima. Ukifika mtaani muulize mama mwenye nyumba jumuiya ya hapo inakutana wapi, nyingi zinakutana mara moja kwa wiki kwa kuzunguka nyumba za wanachama, zingine alfajiri kabla watu hawajaenda shamba au sokoni Mwanjelwa. Barua ya utambulisho kutoka usharika au parokia ya kwenu ni vizuri kuwa nayo lakini ikichelewa hakuna atakayekurudisha mlangoni. Nenda na koti, salimia wazee kwanza, "ugonile" hata ukiitamka vibaya watafurahi, na zamu ikifika kwako usianze kuwaza utawapikia nini watu wote hao kwa posho yako, sema mapema kwamba una chai tu.