Wanne wakifika, msiwarudishe nyumbani

Barua za wasomaji, zikijibiwa kutoka Iringa na mwalimu mstaafu wa somo la Biblia

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katibu wa jumuiya ndogondogo hapa Uyole, Mbeya. Tunasali Alhamisi jioni, nyumba kwa nyumba. Msimu wa viazi tunafika wanne au watano. Mwenyekiti amesikia kwamba Wayahudi hawasomi Torati mpaka watimie kumi, naye anataka tukipungua kumi tutawanyike. Mwingine amenunua pembe la kondoo, anataka lipulizwe kabla ya somo. Tuige lipi?*

Marahaba, Katibu. Mwenyekiti wako ameambiwa kweli, ila ameambiwa nusu.

Kumi wanahitajika kwa mambo maalumu: kulisoma gombo la Torati hadharani pamoja na baraka zake, na sala kadhaa, mojawapo kadishi, ambayo waliofiwa huisema. Wayahudi wa Kiothodoksi huhesabu wanaume waliotimiza miaka 13. Makusanyiko mengine huhesabu na wanawake. Walimu wa Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho na mijadala ya walimu wa Kiyahudi, waliitoa idadi hiyo katika Hesabu 14. Musa alituma wapelelezi 12 kwenda Kanaani. Yoshua na Kalebu walirudi na moyo wa kwenda mbele, wale kumi wakawatia watu hofu, na Mungu akawaita mkutano mwovu. Walimu wakasema: basi kumi ni mkutano. Nimelifundisha jambo hili miaka mingi na bado linanigusa. Kipimo cha kusanyiko takatifu kimetoka kwa waoga na wanung'unikaji. Yule anayenung'unika kila Alhamisi hapo Uyole, mhesabu, usimwache.

Lakini kujifunza Torati hakungojei kumi. Katika Pirkei Avot, mafundisho ya mababa, imeandikwa kwamba wawili wakiketi na maneno ya Torati yakawa kati yao, uwepo wa Mungu unakaa nao. Na mafundisho hayo hayo yanashuka mpaka kwa mtu mmoja aliyeketi peke yake. Kwa hiyo wanne wakifika, washeni taa msome. Mama aliyetoka shambani na udongo miguuni, akapanda kilima kuja kusali, kumwambia arudi kwa sababu ya hesabu ni kumdhulumu. Mweleze mwenyekiti hivyo kwa heshima, lakini mweleze.

La kuiga, kwa maoni yangu, ni namna wanavyojiandaa. Torati imegawanywa katika mafungu 54, na wiki nyingine husomwa mawili pamoja ili mwaka utoshe. Jumamosi asubuhi kusanyiko zima husoma fungu moja, liwe tamu kama habari za Yusufu au gumu kama sura za Walawi kuhusu magonjwa ya ngozi. Hawaruki. Kipande kifupi husomwa pia Jumatatu na Alhamisi, siku ambazo zamani zilikuwa za soko: watu wa vijijini walikuwa wamekwisha kuja mjini, basi neno likawakuta huko. Ninyi mnaoishi kwa magulio mtalielewa hilo haraka.

Gombo lenyewe huandikwa kwa mkono, konsonanti tupu, bila alama za irabu wala za wimbo. Msomaji asiyejiandaa wiki nzima hawezi kulisoma. Nilipokuwa masomoni Nairobi nilialikwa siku moja kwenye sinagogi la pale. Wazee wawili walisimama ubavuni mwa msomaji, na alipokosea neno walimrudisha papo hapo, kwa sauti, kila mtu akisikia. Alirudia, akaendelea. Hakununa, wala hakuna aliyecheka. Katikati ya kusoma wakaombea wagonjwa, kila mgonjwa akitajwa kwa jina lake na la mama yake. Baada ya ibada palikuwa na divai, mkate na maongezi: nani kapata mjukuu, kodi za nyumba zimepanda, na mzee mmoja aliyekuwa bado anabishana na mahubiri huku akitafuna. Kwao maongezi hayo ni sehemu ya siku, hakuna anayekimbilia mlango.

Tena wanaruhusu swali libaki swali. Chukua fungu la pili la mwaka, habari za Nuhu. Maandiko yanasema alikuwa mwenye haki katika vizazi vyake. Rashi, mfafanuzi wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1105, anaweka maoni mawili bega kwa bega: wapo waliosema hiyo ni sifa, maana alikuwa mwema kati ya waovu, angezaliwa kati ya wema angewazidi, na wapo waliosema ni lawama, kwamba angeishi siku za Ibrahimu asingeonekana kitu. Wengine huongeza kwamba Nuhu alipoambiwa habari za gharika alijenga safina akanyamaza, lakini Ibrahimu alipoambiwa habari za Sodoma alisimama kuwatetea wasio ndugu zake, akashuka kutoka 50 hadi kumi. Wapeni wana jumuiya swali hilo wiki moja kabla: mwenzetu akipatwa na janga, sisi ni Nuhu au Ibrahimu? Kisha mtu asome kutoka kitabu, simu ziwekwe kando, na waliobaki kimya miaka yote waulizwe wanavyoona. Kalenda ya liturujia mnayo tayari, masomo mnayajua mapema. Kinachokosekana ni mtu wa kuyasoma Jumatatu badala ya kuyafungua mlangoni.

Pembe liacheni. Kwa Wayahudi pembe hilo, yaani shofa, lina majira yake, hasa mwaka wao mpya, Rosh Hashana. Hata siku hiyo ikiangukia Jumamosi, yaani Sabato, wengi hawalipulizi. Kuchukua kitu kitakatifu cha watu wengine na kukifanya kengele ya jumuiya hakuwaheshimu wao wala hakuwajengi ninyi.

*Mwalimu, kamwene. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, Mafinga. Fundi mkuu wetu wa mitambo ni Myahudi. Baba yake amefariki na kuzikwa huko kwao, yeye hakuwahi mazishi. Tumechanga rambirambi. Twende vipi tusimkosee?*

Kamwene, kijana wangu. Nendeni. Kufariji waliofiwa ni wajibu mkubwa kwao kama ulivyo kwetu, na mtu aliye mbali na nyumbani anauhitaji zaidi.

Kwa desturi yao aliyefiwa hukaa siku saba nyumbani, kwenye kiti cha chini. Mkimkuta hivyo, msimsimamishe wala msimpe kiti kirefu. Salamu ziacheni, ingieni mkae, na msubiri aanze yeye kusema. Akikaa kimya, kaeni naye kimya. Akitaka kumzungumzia baba yake, mwulizeni zaidi. Jumamosi msiende mchana, ni Sabato. Subirini giza liingie.

Maua si desturi yao. Kama anafuata sheria za chakula, sufuria zenu zinaweza kumletea shida, kwa hiyo pelekeni parachichi na ndizi nzima, na mayai mabichi ajipikie mwenyewe. Fedha za rambirambi mwambieni wazi kuwa ni desturi yetu, na mwulizeni kama angependa zitolewe sadaka kwa jina la baba yake; kwao hilo linaeleweka.

Na kuna jambo la kumweleza meneja wenu. Mtoto wa marehemu huisema kadishi kwa muda wa miezi 11. Ni sala ya kumtukuza Mungu, kifo hakitajwi ndani yake hata mara moja, nayo haisemwi bila Wayahudi kumi. Mafinga hatawapata. Arusha ipo jamii ndogo ya Wayahudi, na Nairobi kuna sinagogi. Akiomba ruhusa ya siku chache kwenda huko, apewe, na wewe ushike zamu yake ya mashine mpaka arudi.